Ulezi Chini ya Kioo

Kila siku asubuhi kabla ya kwenda shule, Cornelia aliwasha jiko la mkaa nje ya mlango, akakoroga uji wa ulezi, halafu akafuta vifaa vya mama yake kimoja kimoja. Mwiko. Nyundo ya mpira. Pima maji. Kisu chembamba. Bunduki ya silikoni, ile ya kukamulia gundi nyeupe kutoka kwenye mrija wake. Mwezi wa sita baridi ya Sumbawanga huuma masikio, na vyuma vile vilikuwa vya baridi hata vidole vikafa ganzi. Cornelia hakulalamika. Alikuwa na miaka kumi na tatu, na katika mtaa wao wa Izia ni yeye peke yake aliyeweza kusema, "Mama yangu ni fundi marumaru."

"Shikamoo bibi," alisema, akimpelekea bibi yake kikombe cha uji.

"Marahaba, mjukuu wangu. Pima maji umeifuta?"

"Nimeifuta."

"Ifute tena. Hiyo ndiyo inayowanyamazisha."

Bibi Agnesi alijua alichokuwa anasema. Mama yake Cornelia, Rhoda, hakufundishwa ufundi na chuo chochote. Alianza kwa kubeba mchanga kichwani kwenye nyumba za watu zinazojengwa. Miaka sita alibeba mchanga, na miaka yote hiyo sita macho yake yalikuwa kwenye mikono ya mafundi. Siku aliposema kwamba naye anaweza kutandaza marumaru, walicheka. Mmoja alimwambia akapike. Mwingine alimwuliza kama atapima sakafu kwa mwiko wa ugali. Majina yao Rhoda anayakumbuka yote mpaka leo, na wengine kati yao sasa wanakuja kumwazima pima maji.

Mji wetu una ugonjwa huu wa siku nyingi. Fundi akitoka mbali huitwa mtaalamu, hata kama ameharibu nyumba tatu njiani. Akiwa wa hapa hapa, tuliyemwona akichunga mbuzi, huitwa "yule". Na akiwa mwanamke, haitwi kabisa.

Ndiyo maana wiki ile ilikuwa kubwa nyumbani kwao. Rhoda alikuwa ameitwa.

Aliyemwita ni Bi Sada, mwenye duka la vitambaa kule Majengo. Alikuwa amenunua nyumba ya zamani nyuma ya duka lake akaigeuza kuwa nyumba ya wageni yenye vyumba vinane, kila chumba na bafu lake. Kwenye kila bafu aliweka kioo kirefu cha kuzuia maji ya bomba la mvua yasiruke hadi mlangoni. Vioo vilikuwa vizuri. Sakafu ndiyo iliyokuwa na kasoro. Iliwekwa miaka mingi nyuma na mtaalamu mmoja aliyekuja kwa mbwembwe na kuondoka kwa haraka, na ilikuwa na mabonde na vilima kama njia ya kwenda shambani. Ukisimamisha kioo kilichonyooka juu ya sakafu ya namna hiyo, upande mmoja hapapiti hata ukucha, upande mwingine panapita dole gumba. Maji nayo hayahitaji kualikwa.

"Nakupa bafu namba moja," Bi Sada alimwambia Rhoda. "Jumamosi nafungulia maji mwenyewe. Yakibaki ndani, mabafu yote manane ni yako. Yakitoka nje, nampa Clemens. Ijumaa inayofuata napokea wageni wa harusi kutoka Mpanda, kwa hiyo sina nafasi ya hadithi."

Clemens alikuwa fundi wa alumini, ndiye aliyevisimamisha vile vioo. Alikuwa amesimama pale pale, penseli sikioni.

"Bi Sada, hii sakafu hata malaika hawezi kuiziba," alisema. "Ivunjwe yote, tuanze upya."

"Wewe kila kitu kuvunja," Bi Sada alijibu. "Ukiumwa jino utataka wakate kichwa?"

Rhoda alianza kazi Jumatano. Alhamisi, baada ya masomo, Cornelia alipitia kule akiwa na sare zake za shule. Alimkuta mama yake amepiga magoti nje ya kioo, amekwisha kuziba karibu upande wote. Ilibaki kona moja tu, ile ya dole gumba.

"Njoo uone," Rhoda alisema. "Kazi ya hapa ni kukausha. Silikoni haishiki kwenye maji, ni kama kubandika plasta kwenye kidonda kilicholowa. Unafuta, unasubiri, unafuta tena. Pakikauka, unaingiza hii." Alimwonyesha kipande kirefu cha sponji alichokikata chembamba kama mkia wa panya. "Unaisukuma chini ya kioo mpaka ijae. Hii ndiyo inayoibeba silikoni kwenye nafasi pana. Ndipo unakamua, unalainisha kwa kidole chenye sabuni, basi."

"Naweza mama. Nimekuona mara nyingi."

Bi Sada aliita kutoka mwisho wa korido, akitaka Rhoda aende akapime mabafu mengine. Rhoda alimtazama binti yake, akatazama kona, akamkabidhi bunduki ya silikoni.

"Kona hii ni yako," alisema. "Usiharakishe."

Cornelia alibaki peke yake. Alijisikia amekua ghafla. Alifuta sakafu mara moja. Kitambaa kilirudi kimelowa. Alifuta mara ya pili, kikarudi kina unyevu, maana kwenye baridi ile hakuna kinachokauka upesi. Ndipo dirishani pakatokea kichwa cha Kauthar, binti wa Bi Sada, ambaye alikuwa darasa moja naye.

"Neli! We Neli! Wenzio wameshaanza kuondoka!"

Cornelia alikuwa amesahau. Mechi ya netiboli, kule Mazwi, saa kumi kamili.

"Nisubiri kidogo, nina kazi."

"Kidogo gani? Bila wewe nani atafunga? Rehema? Rehema akirusha mpira unakwenda kuua kuku wa watu!"

Cornelia alicheka. Aliangalia kona. Unyevu uleule. Aliangalia sponji. Kukisukuma kitu kile sentimita kwa sentimita kungechukua nusu saa. Akajiambia: silikoni ni nzito, itajaa yenyewe, nani ataona chini ya kioo? Akakamua. Akakamua tena, kwa wingi, mpaka nafasi ikafunikwa. Akalainisha kwa kidole chenye sabuni, taratibu, kwa ustadi wa kweli, na mstari ukatoka laini kama ukingo wa sahani. Ilikuwa ndiyo sehemu nzuri kuliko zote kwa kutazama. Kipande cha sponji alikitia kwenye mfuko wa shule, chini ya madaftari, akakimbia.

Mechi walishinda.

Jioni Rhoda alimsifu mbele ya bibi. "Mama, ungeiona kona yake! Nimeinama nikaitazama, nikasema huyu mtoto mkono wake utanizidi mimi." Bibi Agnesi alipiga kigelegele kifupi. Cornelia aliinamisha uso kwenye sahani ya maharage.

Jumamosi saa nne asubuhi walikusanyika koridoni: Bi Sada, Clemens, wabeba mizigo wawili wa dukani waliokuja kutazama tu, Kauthar, na Rhoda aliyevaa kitenge chake cha kanisani. Koridoni palikuwa pametandikwa zulia jipya jekundu kwa ajili ya wageni wa harusi. Bi Sada aliingia bafuni, akafungulia bomba la mvua, akatoka.

Dakika moja ilipita. Mbili. Rhoda alikuwa ameanza kutabasamu.

Kwenye ile kona nzuri lilitokea tone. Likafuatwa na mwenzake. Halafu mstari mzima wa silikoni ukainuka taratibu kama ngozi ya maziwa, na maji yakapita chini yake, yakavuka kizingiti, yakaingia kwenye zulia. Wekundu wa zulia ukageuka mweusi, na ule weusi ukawa unatembea.

"Funga maji!" Bi Sada alipiga kelele.

"Mimi nilisema," Clemens alisema, akichomoa penseli sikioni kana kwamba anataka kuandika kitu. "Mwanamke na pima maji, wapi na wapi?"

Wabeba mizigo walicheka. Walicheka hasa, wakishika mbavu.

Cornelia alimtazama mama yake. Rhoda hakulia wala hakubishana. Alisimama wima, maji yakimlowesha viatu, akasema, "Bi Sada, kazi ilikuwa yangu. Kosa ni langu. Zulia nitalifua mwenyewe."

Cornelia alijua neno moja tu lilikuwa linatakiwa. Hakulisema. Kauthar alimtazama, na Cornelia akayakimbiza macho yake.

Walirudi nyumbani na zulia. Bibi Agnesi alikuwa uani, ameinama kwenye kihenge chake kidogo cha kuhifadhia ulezi. Izia ni mjini, lakini ukipiga hatua mia umeingia shambani, na bibi hakuwahi kukubali kwamba mtu anaweza kuishi bila kihenge. Mwaka huu ukuta wake wa udongo ulikuwa umepata ufa mpana. Bibi alikuwa anasokota nyasi kavu mapajani, akizifanya kamba.

"Kaa hapa, nishikie ncha," alimwambia Cornelia.

Cornelia alishika. "Bibi, kwa nini usipake udongo tu?"

"Kwenye ufa huu?" Bibi alicheka puani. "Udongo peke yake utadondokea ndani. Hauna wa kuushika mkono. Kwanza ufa ukauke, halafu kamba ya nyasi iingie mpaka ikatae, ndipo udongo. Mahindi yanaweza kukuvumilia, maana punje yake ni kubwa. Ulezi haukuvumilii. Umeacha tundu la sindano, asubuhi unakuta nusu ya kihenge iko chini na kuku wamenona."

Cornelia aliiachia ile ncha ya kamba. Aliinuka, akaenda ndani, akarudi na mfuko wake wa shule. Akatoa madaftari yote, na chini yake akatoa kipande cha sponji, akakiweka mapajani kwa bibi, kando ya nyasi.

"Hii ndiyo ilikuwa iingie chini ya kioo," alisema, na hapo machozi yakatoka. "Sikuiingiza. Na sikukausha. Nilikuwa nakimbilia mechi. Mama ameaibishwa kwa sababu yangu, bibi, na mimi nilinyamaza. Nilisimama pale nikanyamaza."

Bibi hakumtazama yeye. Alitazama nyuma yake. Rhoda alikuwa amesimama mlangoni na zulia jekundu begani, ameshasikia kila kitu.

"Mechi mlishinda?" Rhoda aliuliza mwishowe.

"Ndiyo mama."

"Mimi nimeshindwa." Alilitupa zulia kwenye beseni. "Miaka sita ya mchanga, Cornelia. Sita. Na miaka mingine tisa ya kuambiwa subiri, utaitwa. Unajua nilichokuwa nafikiria pale koridoni? Nilikuwa nafikiria, labda kweli siwezi. Hilo ndilo ulilonifanyia. Maji ni kitu kidogo."

Cornelia angependa achapwe, lakini mama yake alikwishageuka na kuanza kufua.

Bibi Agnesi ndiye aliyezungumza, huku akiendelea kusokota nyasi.

"Babu yake babu yenu alikuwa myeyusha chuma. Matanuri yao yalikuwa ya udongo, marefu kuliko mtu, hapa hapa Ufipa. Jembe alilolima bibi yangu lilitoka kwenye udongo huu, halikuletwa na lori. Leo watu wamesahau, wanadhani tulikuwa tumekaa tunasubiri kuletewa mafundi." Alitema mate pembeni. "Sasa sikieni. Tanuri likiachwa na ufa, moto hautii, na chuma cha msimu mzima kinaharibika. Aliyeacha ufa hakufukuzwa. Alisimama mbele ya wenzake wote, akasema, ni mimi. Halafu wakamrudisha yeye yule kuuziba, wengine wakitazama. Nani anaujua ufa vizuri kuliko aliyeuacha?"

Rhoda alikamua zulia. Alifikiri.

"Kesho baada ya misa," alisema, "tunakwenda Majengo. Utasema pale pale koridoni, mbele ya wale wale. Mimi sitasema neno."

"Hata kama Bi Sada atatufukuza?"

"Hata kama."

Jumapili mchana Cornelia alisimama koridoni. Bi Sada alikuwa na karatasi ya mipango ya harusi mkononi. Clemens alikuwa amekwisha kuleta nyundo kubwa ya kuvunjia sakafu.

"Shikamoo Bi Sada. Shikamoo fundi," Cornelia alisema.

"Marahaba. Nini tena?"

"Ile kona iliyovuja niliziba mimi. Mama alinielekeza vizuri, mimi sikufuata. Sikukausha, na hii sikuiweka." Aliinua sponji juu, wote waione. "Nilitaka kuwahi netiboli. Mama yangu anajua kazi. Aliyemwaibisha ni mimi, si sakafu, na si kwa kuwa ni mwanamke."

Wabeba mizigo hawakucheka. Kauthar, aliyekuwa mlangoni, aliinama akitazama viatu vyake, maana alikumbuka nani aliyeita dirishani. "Na mimi nilimharakisha, mama," alisema kwa sauti ndogo.

Bi Sada aliikunja karatasi yake. "Nina miaka thelathini dukani," alisema. "Watu wameniuzia vitambaa vilivyooza, wameniletea vipimo vya uongo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi Jumapili kuniambia ni yeye." Akamgeukia Rhoda. "Una mpaka Jumatano. Clemens, weka nyundo chini."

"Bi Sada, sakafu yenyewe..."

"Weka chini, nimesema."

Kazi ilianza saa ile ile. Cornelia alivua sweta, akapiga magoti. Alikata silikoni yake kwa kisu chembamba, na alipoivuta ilitoka nzima kama mnyoo, juu laini na inang'aa, chini imejaa matundu na maji. Aliitazama kwa muda mrefu. Halafu akafuta sakafu. Akafuta tena. Walifungua dirisha na mlango, wakaweka jiko la mkaa kizingitini ili joto lifike taratibu. Kila baada ya muda Cornelia aligusa kona kwa kipande cha karatasi ya daftari, na kila karatasi ilipolowa alianza upya. Karatasi ya tano ilitoka kavu.

Alikuwa ameishika sponji tayari, mara akasita.

"Mama, kabla sijaziba. Naweza kujaribu kitu?"

Kutoka kwenye mfuko wa sketi alitoa kifungu cha kitambaa. Ndani yake mlikuwa na konzi mbili za ulezi wa bibi.

Clemens alicheka. "Mnapika uji humu?"

"Ulezi hauvumilii," Cornelia alisema. "Mama, mwaga upande wa ndani wa kioo, usambaze kwa ufagio pole pole pembeni mwa kioo chote. Mimi nitalala huku nje nitazame."

Rhoda aliingia ndani, akamwaga, akaanza kufagia. Punje nyekundu zikateleza juu ya marumaru, zikikimbilia mabonde na kukwepa vilima. Cornelia alilaza shavu sakafuni, baridi ikimpenya mpaka menoni. Kwenye kona yake punje zilitoka kwa wingi, kama alivyotarajia. Lakini hakuzitazama hizo. Katikati ya kioo, mahali palipozibwa tangu Jumatano na kuonekana pazuri, punje moja ilijitokeza. Ikafuatwa na ya pili. Ya tatu.

"Mama. Hapa pia."

Rhoda alitoka, akalala naye sakafuni. Pale katikati kiungo cha marumaru mbili kilikuwa kimezama na kuacha kijifereji, na silikoni ilipita juu yake kama daraja bila kukijaza. Kasoro hiyo haikuonekana kwa macho. Hata maji ya Jumamosi hayakupata muda wa kuionyesha, maana kona ilivuja kwanza. Ila siku moja yangepita, wageni wakiwa ndani.

Rhoda aliinuka taratibu. Aliwatazama Bi Sada na Clemens. Angeweza kunyamaza, silikoni ingekatwa, ingezibwa, na hakuna mtu ambaye angejua.

"Hapa si mtoto," Rhoda alisema. "Hapa niliziba mimi, nikapita bila kubonyeza. Hata kama kona ingekuwa sawa, bafu hili lingevuja. Ni kosa langu."

"Yaani nyie nyumba nzima mnaungama," Clemens alisema, lakini safari hii hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe alichuchumaa akatazama zile punje tatu kwa makini. Alikuwa fundi, na fundi akiona kitu cha kweli hawezi kujizuia. "Mimi nimesimamisha vioo miaka kumi," alisema polepole. "Sijawahi kuona hiki."

Walikata silikoni yote, mwanzo hadi mwisho. Walikausha yote. Cornelia alisukuma sponji kwenye kona kwa ncha ya mwiko, kidogo kidogo, mpaka ikakataa kuingia, kama kamba ya bibi. Rhoda alijaza kile kijifereji. Mara hii walikamua wakifuatana, mama mbele na mtoto nyuma, mmoja akikamua na mwingine akilainisha. Kabla ya kuondoka walifagia ulezi, kila punje, maana bibi alimwambia Cornelia atazihesabu.

Kilichobaki kilikuwa kusubiri, na kusubiri ndiko kulikuwa kugumu. Kwenye nchi ya joto gundi ile hukauka kwa siku moja. Kwenye baridi ya Ufipa Rhoda alitaka tatu. Cornelia alibandika karatasi mlangoni: BOMBA LISIFUNGULIWE. Jumatatu baada ya shule alikaa mlangoni na Kauthar, wakifanya hesabu za mwalimu. Mzee Mahmud, babu yake Kauthar, alikuja na fimbo yake akitaka kutawadha kwa ajili ya swala ya alasiri.

"Shikamoo babu. Bafu hili bado. Tumia la nje, nitakuchotea maji ya moto," Cornelia alisema.

"Mimi ndiye niliyemlea mwenye nyumba!"

"Najua babu. Hata Bi Sada akija nitamzuia."

Mzee alimtazama, akatazama karatasi, akaangua kicheko. "Huyu ni askari," alimwambia Kauthar, akafuata maji yake ya moto.

Jumatano Bi Sada alifungulia bomba mpaka mwisho. Hakuridhika. Aliagiza ndoo ikajazwa, akamwaga maji yote kwa mkupuo kwenye kona ya dole gumba. Maji yaligonga kioo, yakarudi, yakazunguka, yakaingia kwenye tundu la kutolea maji. Bi Sada alivua mtandio wake mweupe, akautandaza koridoni pembeni mwa kizingiti. Wote walisubiri. Dakika kumi. Robo saa. Wabeba mizigo walisogea karibu.

Aliuokota. Akaubonyeza shavuni kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Mkavu," alisema. Akaujaribu upande wa pili. "Mkavu kabisa! Fundi Rhoda, mabafu saba yaliyobaki ni yako."

Alisema "fundi". Rhoda alilisikia, Cornelia alilisikia, na nina hakika hata wale wabeba mizigo walilisikia, maana walianza kupiga makofi. Clemens alikuna kichwa.

"Mama Cornelia," alisema, "huo ulezi wenu naweza kupata konzi moja? Nina kazi nyingine."

"Shika mwiko kwanza utusaidie bafu namba mbili," Rhoda alijibu. "Ulezi utapewa na mama yangu, na atakuuliza maswali."

Walihamia bafu namba mbili. Nalo lilikuwa na kona, pana kuliko ile ya kwanza. Rhoda alisimama mbele yake na bunduki ya silikoni mkononi, akamwita binti yake.

"Jumamosi nilitaka nisikuamini tena," alisema. "Nikasema, nitafanya peke yangu mpaka nife. Halafu ukasimama pale koridoni na kusema ni mimi. Sikiliza, mwanangu. Watu watatutazama sisi kwa jicho kali kuliko wengine, na wataendelea kututazama hivyo. Kama kazi yetu ni nzuri juu na mbovu chini, tunawapa wanachokitafuta. Kwa hiyo fanya vizuri pale ambapo hakuna anayeona. Na siku ukikosea, maana utakosea, kama mimi nilivyokosea, liseme mwenyewe kabla maji hayajalisema. Aibu yake ni ya siku moja. Kulificha kungekutesa kila siku."

Akamkabidhi bunduki ya silikoni.

"Kona hii ni yako."

Dirishani kilitokea kichwa cha Kauthar. "Neli! Kesho mazoezi saa kumi! Unakuja?"

"Nikimaliza," Cornelia alijibu. Akaiweka bunduki pembeni, akachukua kitambaa kikavu, akapiga magoti, akaanza kufuta.